Sahani na Uwanja: Watoto Wadogo wa Likasi tangu Enzi ya Kampuni

Katika mkutano wetu wa mwezi uliopita tulibishana kwa saa mbili nzima juu ya kipande cha ardhi. Ni kiwanja kilicho nyuma ya materneli ambayo chama chetu huisaidia hapa Likasi: mwembe mmoja wa zamani, magurudumu matatu ya gari yaliyozikwa nusu, kamba iliyofungwa kwenye tawi, na vumbi jekundu ambalo watoto hurudi nalo nyumbani katika nywele na katika mifuko ya sare. Mfanyabiashara mmoja ameomba kukodi sehemu kubwa ya kiwanja hicho ili ajenge maduka yanayotazama barabara. Kodi anayotaja ingetosha kuwalipa walimu wawili. Tena ameahidi kwamba duka moja litawauzia watoto chakula cha saa nne. Tulipouliza ni chakula gani, tukajibiwa kuwa ni biskuti na vinywaji vya sukari, vilevile wanavyonunua leo mlangoni, ila ndani ya kabati la kioo.

Wengi wetu tulikuwa tayari kukubali. Mwalimu asiyelipwa huondoka, na mchezo, tulisema, mtoto ataucheza popote. Ndipo mwenzetu mmoja mzee, aliyezaliwa katika kambi ya Panda, alipotuomba tusipige kura siku ile. Alisema kwamba shauri hili la sahani ya mtoto na mahali pake pa kuchezea lilikwisha kukatwa katika mji huu zaidi ya mara moja, na kwamba kila mara lilikatwa bila mzazi kuwamo chumbani. Neno hilo lilitukaa moyoni. Kwa hiyo ukurasa huu, mara hii, unarudi nyuma kutazama mambo yalivyokwenda.

Mji wetu ni mtoto wa shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910, na miaka michache baadaye ikasogea upande wetu. Kazi ya kwanza ilifanywa na wanaume walioandikwa kwa miezi michache, wakaletwa kutoka mbali bila wake wala watoto. Walipewa posho: unga wa mahindi, maharage, chumvi, nyama au samaki kwa kipimo, na sehemu kubwa ya unga huo ilikuja kwa treni kutoka kusini. Wengi walikufa kwa nimonia, kwa kuhara na kwa homa ya matumbo, na mafua makuu ya mwaka 1918 yakawafagia wengine. Katika kambi ya namna hiyo hapakuwa na mtoto, na kwa hiyo hakuna aliyeuliza mtoto ale nini. Neno posho limebaki midomoni mwetu hata leo. Si wengi wanaokumbuka kwamba lilianza kama chakula cha mtu asiyetazamiwa kukaa.

Katika miaka ya 1920 kampuni ilipiga hesabu upya. Kumwandika mtu mbali, kumsafirisha, kumfundisha, kisha kumpoteza kwa ugonjwa au kwa kuisha kwa mkataba, kulikuwa na gharama kubwa. Na vijiji vya karibu havikuwa na watu wa kutosha. Kuanzia 1927 na 1928 ikaanza siasa ambayo wanahistoria huiita ya kuwatuliza wafanyakazi mahali pamoja: mikataba ya miaka mitatu, nyumba bora zaidi, na ruhusa, au tuseme himizo, ya kuja na mke. Mtu ambaye jina lake limefungamana na siasa hiyo ni daktari Mbelgiji, Léopold Mottoulle, aliyesimamia kwa miaka mingi mambo ya wafanyakazi weusi wa kampuni na ambaye mwaka 1946 alichapisha kitabu kizima kueleza matokeo yake. Yeye aliwaona wafanyakazi wazima wenyewe kama watoto wa kuongozwa. Juu ya watoto wenyewe fikira yake ilikuwa wazi zaidi: mtoto aliyezaliwa kambini, akanyonya kambini, akala na kusoma kambini, ndiye atakayekuwa mfanyakazi wa kesho, bila gharama ya kumtafuta kijijini.

Hivyo ndivyo mtoto alivyoingia katika hesabu, na hesabu hiyo ilikuwa na mzizi wake ng'ambo. Mwaka 1894, katika mji wa Fécamp, Ufaransa, daktari Léon Dufour alifungua nyumba aliyoiita Gota la Maziwa, ambapo mama maskini alipewa maziwa safi na mtoto wake akapimwa uzito kila mara. Wazo hilo lilienea Ulaya kwa haraka, Ubelgiji ikiwamo, na mnamo 1912 likaundiwa chama chake cha kuwahudumia watoto weusi wa Kongo. Katika miji ya migodi ya Katanga lilipata nguvu ambayo Fécamp haikuijua kamwe, kwa sababu hapa aliyetoa maziwa ndiye pia aliyetoa nyumba, mshahara, posho na kitanda cha hospitali. Mama wa kambi za Panda au Shituru alimpeleka mtoto siku iliyowekwa. Mtoto aliwekwa kwenye mizani, akatazamwa macho, ngozi na tumbo, na uzito wake ukaandikwa. Aliyekwisha kuachishwa ziwa alikuwa na kantini yake, ambapo alikula uji na chakula kilichopikwa mbele ya macho ya masista au ya wauguzi, kwa kuwa wakubwa hawakuamini kwamba posho ya mtoto ikipelekwa nyumbani itafika kinywani mwake.

Tusiwe wepesi wa kulaani. Watoto waliokuwa wakifa katika miaka ya mwanzo ya kambi walianza kuishi. Mama aliyetoka Lomami, Kasai au Ruanda-Urundi, asiye na shangazi wala nyanya karibu naye katika nyumba ya matofali, alipata mahali pa kumpeleka mtoto mwenye homa. Masista waliofanya kazi ile hawakuwa wakihesabu tani za shaba walipokesha na watoto wa wengine, na wapo kati yetu ambao wazazi wao waliokolewa na mikono hiyo. Jambo hilo ni la kweli na litabaki la kweli.

Lakini liko jingine ambalo ni la kweli pia, nalo ni refu kidogo kulieleza.

Desturi ya wazee wetu, kwa makabila mengi yaliyokutana hapa, ilikuwa mama anyonyeshe miaka miwili, hata mitatu, na katika muda huo mume na mke wakae mbalimbali ili mimba isije mapema. Wazungu wa wakati ule, wakiogopa kwamba Kongo inapungukiwa na watu, waliiona desturi hiyo kuwa kizuizi cha uzazi. Mwanahistoria Mmarekani Nancy Rose Hunt ameonyesha jinsi madaktari na mabibi wa Kibelgiji walivyojitahidi kufupisha muda wa kunyonyesha, na jinsi makampuni yalivyoona faida katika jambo hilo. Maziwa ya kantini yalikuja kushika mahali pa ziwa la mama, ili mtoto mwingine azaliwe upesi. Posho nayo iliongezeka kwa kila mtoto aliyeandikwa. Sasa, katika miaka hiyohiyo ya 1930, mbali huko Gold Coast, daktari Cicely Williams alikuwa akiwaangalia watoto waliovimba miguu, wenye nywele zilizopauka na ngozi iliyobanduka, akawauliza akina mama wanauitaje ugonjwa ule. Walimpa neno la lugha ya Kiga: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto anapoondolewa kwa sababu mdogo wake amekuja. Neno hilo la akina mama wa Accra ndilo madaktari wa dunia nzima wanalolitumia leo. Akina mama wa Panda walijua jambo lilelile kwa maneno yao wenyewe. Hakuna aliyewauliza.

Tunaona uzito wa shauri letu lote uko hapo. Kampuni ilileta mizani, maziwa, chanjo na supu, na haikuona kwamba mama alikuwa amekwisha kuja na elimu: kuachanisha uzazi, kumwachisha mtoto polepole, kumchanganyia karanga zilizotwangwa katika uji, kumpa sombe, lengalenga na matembele. Mboga hizo hazikuwa katika posho. Zilitoka katika vishamba ambavyo wanawake walilima nyuma ya nyumba na pembezoni mwa kambi, kwa jembe na kwa ukaidi. Samaki walikuja kutoka bwawa la Tshangalele baada ya maporomoko ya Mwadingusha kufungwa ili kutoa umeme. Maembe na mapera walichuma watoto wenyewe, na si mara zote kwa ruhusa ya mwenye mti. Vitabu vya kampuni viliandika gramu za unga. Sehemu hii nyingine ya sahani haikuandikwa, na kwa hiyo ikahesabiwa kana kwamba haiko.

Juu ya mchezo mambo yalikuwa ya furaha zaidi, ingawa nayo yalikuwa na kipimo chake. Wabenedikto waliokuja Katanga mwaka 1910 wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, baadaye askofu, walikubaliana na kampuni kwamba shule za kambini ziwe mikononi mwa misioni. Shule ilikuja na uwanja, na uwanja ulikuja na mpira. Timu ambayo Katanga yote huishangilia, TP Mazembe, ilianzishwa na watawa hao huko Elisabethville mwaka 1939. Katika kambi zetu pia wavulana walipewa mazoezi ya viungo kwa mistari, kwa filimbi, mikono juu, mikono chini. Wasichana walipelekwa kufundishwa kushona, kufua na kupiga pasi. Wao walionekana kuwa wameshapata mazoezi ya kutosha kwa kuchota maji. Hata leo tukitazama kiwanja cha materneli yetu saa ya mapumziko, mpira uko katikati kwa wavulana na wasichana wamebanwa ukutani na kamba zao. Desturi hiyo tumeipokea bila kuichunguza.

Huenda msomaji akauliza kama wakati ule palikuwa na namna nyingine ya kufikiri. Ilikuwapo, tena ndani ya Kanisa letu. Tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa mafukara wa San Lorenzo, Roma, Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto kwa wana wa wafanyakazi. Katika kitabu chake juu ya kazi hiyo aliweka sura nzima juu ya chakula cha mtoto na nyingine juu ya mazoezi ya viungo, kama mambo ya elimu na si ya jikoni tu. Watoto wake walitandika meza wenyewe, wakabeba sahani, wakagawa supu, wakapanda mbegu na kuzimwagilia. Kantini ya kambi na Nyumba ya Watoto zilitoa karibu chakula kilekile. Lakini katika moja mtoto alilishwa akitazamwa asije akaiba au kuibiwa. Katika nyingine alikuwa mwenyeji wa meza.

Mwaka 1931 mji ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot. Desemba 1941, bei za vitu zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi wa hapa na wa Elisabethville waligoma kudai mshahara, na askari wakawafyatulia risasi. Tunalitaja hilo kwa sababu moja tu: waliolishwa vizuri walikuwa bado hawana ruhusa ya kusema. Miaka ya kujitenga kwa Katanga na vita vya Umoja wa Mataifa tunaipita upesi. Vimeandikwa mahali pengi, hata na Waairishi, ambao askari wao walizingirwa hapa Septemba 1961. Mwaka 1966 mji ukarudishiwa jina lake la Likasi. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata migodi ikawa mali ya serikali, na hatimaye kampuni ikaitwa Gécamines.

Kwa watoto wadogo, jina lilibadilika na utaratibu ukabaki. Hospitali, shule, posho, viwanja na vyumba vya kuwafundishia akina mama viliendelea. Waliokua katika miaka ya 1970 husema kazi ilikuwa baba na ilikuwa mama. Husema hivyo kwa sauti ya upendo, na tunawaelewa: ni wachache Afrika ambao utoto wao ulikuwa na daktari karibu, unga usiokosekana na uwanja wenye nyasi. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alipoandika juu ya familia hizo aliwaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo lina uchungu mwingi, maana baba wa kweli wa nyumba alikuwa amepungua heshima mbele ya baba huyo mkubwa, kisha mkubwa akaondoka.

Namna alivyoondoka tunaijua wenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. 1991 ukaja uporaji. 1992 na 1993 jirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, na familia zao zikalala kwenye stesheni ya Likasi zikingoja treni, watoto wakifa hapo kwa kuhara na surua mbele ya mji mzima. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa walimu na wauguzi wa watoto wetu. Hatujapata bado kulisema jambo hilo kwa sauti inayostahili, na hapa pia tunaligusa tu. Kufikia 1994 shaba haikufika tani 50,000. Mishahara ikakosekana kwa miezi, kisha kwa miaka. Kuanzia 2003, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari.

Katika kuporomoka huko, ni kipi kilichokwenda kwanza? Wazee wetu wanalijibu swali hili bila kusita. Vilikwenda vile ambavyo havikuzalisha shaba: maziwa ya watoto, kantini, mtu wa kukata nyasi za uwanja. Viwanja vikawa mashamba ya mahindi, na hilo halikuwa vibaya. Kisha vikawa viwanja vya nyumba, kisha maduka. Chakula nacho kikaingia katika zamu. Wakongo walichukua neno la kampuni ya umeme, delestaji, lile la kukata taa mtaa huu ili kuwasha mtaa ule, wakalitumia kwa kula: leo wadogo, kesho wakubwa. Ndipo vile vishamba visivyoandikwa katika kitabu chochote vilipouokoa mji. Mke wa mfanyakazi, ambaye posho yake ilipitia jina la mume kwa miaka sitini, alilima, akauza, akasafiri na magunia, akalisha. Sombe na lengalenga vilibaki wakati unga wa treni ulipokwisha. Michezo iliyobaki ilikuwa ile ambayo hakuna aliyeigawa: kamba, kujificha, gari la waya, mpira wa matambara na mifuko.

Basi tukirudi kwenye kiwanja chetu, tunaona kwamba hatari ya leo haifanani na ya jana. Mtoto wa materneli ya Likasi hana tena msimamizi wa kuhesabu kijiko chake. Ana soko. Anapewa noti asubuhi, kwa kuwa mama ametoka nyumbani kabla ya jua, naye anainunulia sukari. Tumesimama mlangoni siku kadhaa tukatazama. Mtoto anayekuja bila kula hununua kinywaji chenye rangi, huchangamka nusu saa, kisha hulala juu ya dawati. Nchi yetu ina watoto wanne katika kila kumi, chini ya umri wa miaka mitano, ambao kimo chao hakifikii umri wao. Hao si watoto wenye matumbo yaliyovimba; wengi wanaonekana wazima, wafupi kidogo tu, na shule huwaita wazito wa kuelewa. Akina mama wauzaji hatuwalaumu. Wao nao ni mabinti wa Bana Shaba, na biskuti ndiyo bidhaa isiyooza.

Liko pia jambo la vumbi, na kulinyamaza kungekuwa kuwadanganya wazazi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga. Kati ya watoto walioishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini, 87 kwa 100 walikuwa na kobalti kupita kiwango kinachotumika kumkagua mfanyakazi wa kiwandani. Utafiti uliofuata ulieleza kwamba mtoto huimeza hasa kwa vumbi: mkono chini, mkono kinywani. Waliotaka maduka waliishika hoja hii kwa mikono miwili. Kama uwanja una sumu, walisema, si afadhali tuujengee? Tulifikiri sana juu ya hilo. Lakini mtoto anayeondolewa uwanjani huenda kucheza kando ya barabara, penye vumbi lilelile na malori juu yake. Dawa ya vumbi ni majani na maji: kupanda paspalamu kama ilivyopandwa mbele ya nyumba za wakubwa wa kampuni, kumwagilia kabla ya kufagia, kuweka ndoo yenye bomba na sabuni kati ya uwanja na sahani, kuosha mboga mara mbili, na kutolima bustani ya shule penye udongo wa mabaki ya kiwanda.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwaka 2019 mwongozo kwa watoto chini ya miaka mitano: mwenye miaka mitatu au minne anahitaji dakika 180 za kujongea kila siku, na angalau 60 kati yake ziwe za kukimbia na kuruka kwa nguvu. Ratiba ya materneli yetu, tulipoihesabu, ina dakika 25. Saa zilizobaki mtoto ameketi akirudia alfabeti, kwa sababu sisi wazazi tunalipia daftari lililojaa, na mwalimu anajua hivyo. Kosa hili si la mfanyabiashara wala la kampuni ya zamani. Ni letu, na tulilifanya wakati kiwanja chote kilikuwa bado chetu.

Kwa upande wa sahani, akina mama wa jumuiya mbili wamependekeza uji wa saa nne badala ya noti. Katika mashariki ya nchi uji huo huitwa masoso, jina lililotungwa kwa silabi za kwanza za mahindi, soya na mtama kwa Kifaransa. Hapa wao wangeongeza karanga, na kupunguza sukari kidogo kidogo hadi ulimi wa mtoto uzoee. Mara mbili kwa juma mtoto angepata tunda la msimu. Wauzaji wawili wa mlangoni wameulizwa kama wangekubali kupika uji huo kwa malipo, na mmoja amekubali. Wa pili anataka kwanza kuona fedha, na hatuwezi kumwambia kwamba amekosea: mji huu umeahidiwa uji mara nyingi. Hesabu tuliyofanya inaonyesha kwamba kila familia ikileta kikombe kimoja cha mahindi kwa juma na nusu kikombe cha karanga, uji utatosha siku nne. Siku ya tano bado hatujaipata.

Fedha za walimu nazo hazijapatikana. Hilo tunaliandika wazi ili mtu asije akadhani historia imelipa mshahara wa mtu. Liko pendekezo la kukodisha ukuta wa barabara tu, kwa upana wa duka moja, na kumwachia mtoto yaliyobaki pamoja na mwembe. Liko jingine la kuongeza mchango wa mwezi, ambalo wajane watatu katika chama wamesema hawaliwezi, na tunawaamini. Mfanyabiashara amekubali kungoja hadi mwisho wa mwezi.

Kura itapigwa Dominika ijayo baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe wenyewe. Safari hii wazazi wote wa materneli wamealikwa, hata wasio wanachama, na walimu wawili pia. Mzee wa Panda ameomba kwamba kabla ya kura watoto waachwe wacheze nusu saa mbele yetu, wasichana wakianza kupewa mpira.